Bi Umulkheir binti Obeid na Mikate Sita ya Hadia

Bismillahi. Wafiwa, majirani, na jamaa mliovuka kutoka Mbwajumali kuja kwenye hitma hii ya siku ya tatu, leo Jumanne tarehe 13 Oktoba 1959, mimi Abdulkadir, mwalimu wa skuli na mdogo wake mume wa marehemu, nimeombwa na kaka yangu Gharib niwasomee maisha ya mkewe, nami nitayasoma polepole, kwani mwenyewe hakupenda jambo lifanywe kwa haraka.

Bi Umulkheir alizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, mtoto wa tatu wa Bwana Obeid, mkulima, na tarehe yake siwezi kuitaja kwa kuwa haikuandikwa, mama yake akikumbuka tu kuwa mtama ulikuwa ukivunwa. Alitiwa chuoni kusoma Kurani pamoja na kaka zake, akafika juzuu ya Amma, ndipo mwalimu wake alipomtazama urefu wake, akasema msichana huyu amekwisha kuwa mkubwa, hafai tena kukaa na watoto, mama yake akaapa kuwa ana miaka tisa tu, lakini hapakuwa na wa kumshuhudia, na siku hiyo hiyo akarudishwa nyumbani.

Mwezi wa Shaaban, yaani Juni 1948, aliolewa na kaka yangu Gharib, seremala, akapanda mashua bandarini Mtangawanda na kuja kukaa hapa mtaani Langoni, ambapo kila asubuhi aliuza mkate wa kumimina, unga wa mchele na tui la nazi katika sinia, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na wengi wenu mmefungua kinywa kwa mkate huo.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia mtoto mmoja, Hadia, aliyezaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, na Gharib akaiandika tarehe hiyo ukutani kwa kalamu yake ya useremala, lakini ilipokaribia Idi, Bi Umulkheir, kwa bidii yake ya usafi, aliipaka chokaa nyumba nzima, na tarehe ikaenda na chokaa. Alicheka. Siku chache baadaye, katika gazeti kuukuu lililofungiwa sukari, aliona picha ya mtoto na keki yenye umbo la namba tatu, akaja kuniuliza ile ni nini, nikamweleza kuwa namba ile ni umri wa mtoto.

Basi kuanzia Machi 1952, kila tarehe 14, alipika mkate wenye umbo la namba. Unga wa ngano na mayai vilikuwa ghali, kwa hiyo alitumia unga wake ule ule wa kila siku, akazidisha iliki kidogo, akakata namba kwa karatasi ya dukani, akailaza juu ya mkate uliopoa na kuufuata ukingo kwa kisu. Moja ilikuwa rahisi. Mbili ilimvunjikia shingoni, akaiunga kwa shira nzito. Nne aliipanga kwa vipande vilivyonyooka. Sita aliikata tundu lake kwa kopo la samli. Makombo aliyamwagia tui na sukari, yakawa chakula cha jioni. Walikuwapo walionong'ona kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, yeye akawajibu, "Hii ni sadaka ya mwanangu, someni Fatiha mule," na kila aliyepewa kipande aliambiwa, "Kumbuka umekula ngapi."

Januari 1958 nilikuwa nikiandikisha wasichana wa darasa la kwanza, na sharti lilikuwa mtoto asizidi miaka saba. Hadia alikuwa mrefu kama mama yake. Nilimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, mkono ukafika hadi shingoni. Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuwakataa watoto wanne kwa kuwatazama tu, sikutaka kumpendelea wa ndugu yangu, nikasema huyu ana miaka tisa. Mama yake aliniambia, "Shemeji, mato yako yamesoma urefu, hayakusoma miaka," akaondoka.

Kesho yake alirudi na majirani, wanawake katika mabuibui yao, wakajipanga nje ya mlango wa darasa. Bi Alawiya, wa nyumba ya pili, alianza, "Mimi nimekula moya, na mwana alikuwa hajatembea." Mzee Mohdhar, muuza makaa, akasema, "Mimi sina meno, nilipewa shingo ya mbili kwa kuwa ilikuwa imeroa shira." Wakaendelea hivyo, tatu, nne, tano, hadi mtoto mmoja wa jirani aliyekula mkia wa sita na bado alikuwa akidai ulikuwa mdogo. Hapakuwa na aliyetaja saba. Nilimwandika Hadia, kisha nikawaita tena wazazi wanne niliowakataa, nikawauliza vizuri, na wawili kati ya watoto wao wanasoma hadi leo.

Machi iliyofuata, saba ilipotoka nyembamba, Bi Alawiya alilalamika, "Mwana yuakua, mkate wapungua!" naye akamwambia, "Ngoja nane, ina matumbo mawili," na mwaka huu nane hiyo tuliila, tukashiba.

Mwezi wa Juni alianza kukohoa na kukonda, akalazwa mara mbili, na Jumapili tarehe 11 Oktoba, baada ya sala ya alfajiri, akaitika wito wa Mola wake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua kwa zamu, walimu wenzangu, na ndugu wa Pate waliokuja bila kungoja kuitwa.

Nimesikia wengine wakiuliza, kwa nini mtoto hayumo msibani. Hadia alilia siku mbili mikononi mwa baba yake, na leo asubuhi Gharib alimvisha sare na kumshika mkono hadi skuli, kwa sababu marehemu alituusia mimi na Gharib kuwa msiba wake usimkoseshe binti huyu masomo hata siku moja zaidi ya ilivyo lazima. Msimlaumu. Wakati huu yuko darasa la pili, safu ya mbele, na anasoma.

Shemeji yangu, Mola akulaze mahali pema, upumzike kwa amani, kazi yako inaendelea.