Mpira wa Mzee Kiraka

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemea ukuta wa nyumba ya Bi Birika, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kulala. Mbele yake kuna jiko la mkaa, birika jeusi tii lililompa mama huyo jina, na vikombe sita ambavyo viwili vimekatika mikono. Hatua thelathini kutoka hapo, na wavivu wa benchi wamezihesabu, kiko kisima cha mtaa: shimo jembamba lililotobolewa kwa mashine, ambalo sufuria ndogo ingetosha kuliziba. Kwa siku mbili halikuwa limetoa hata tone. Pampu ilikuwa imeanguka ndani pamoja na bomba lake la chuma, na kamati ya mtaa ikatoa neno: leo ikifika saa sita mchana haijatoka, mwashi anakuja na saruji kufunga, maana shimo lisilo na maji ni mtego wa watoto. Kisima kingine kiko ng'ambo ya barabara kuu, na tena ni kupanda mlima. Bi Birika alikuwa amebakiwa na nusu dumu. Maji ya kahawa humo yalikuwa machache. Mengi yalikuwa ya kazi ya ndani, ambayo hakuwa amemwambia mtu.

— Tatizo letu ni elimu, alisema Kinyozi, ambaye alijua kila kitu isipokuwa kunyoa sawasawa. Maji ya chumvi huelesha vitu. Tumwage magunia ya chumvi, pampu itapanda yenyewe kama kizibo.

— Chuma kielee? aliuliza Dakika, fundi saa, mwanamume ambaye hajawahi kufika mahali kwa wakati.

— Meli si chuma?

— Basi tunywe maji ya chumvi mpaka tufe, alisema Bi Birika. Endelea, msomi.

— Mimi naona gundi, alisema Dakika. Unapaka gundi kwenye kamba, unashusha, unangoja ikauke.

— Ikauke ndani ya maji?

Pembeni, mahali tofali linaposhikilia benchi, alikaa Fundi Bomba. Ndevu hazijaguswa, kahawa haijaguswa. Huyu ndiye aliyeangusha. Alikuwa akivuta bomba lile juu ili abadilishe mpira wa pampu, ameshalegeza kiungo, kibanio kimoja tu kinashikilia mzigo wote, ndipo benchi likapiga kelele kwamba kahawa imeiva. Akasema anakuja kupiga funda moja. Funda hilo hilo, kibanio kikateleza.

— Nimejaribu ndoano, alisema bila kuulizwa. Nimejaribu kitanzi. Bomba limesimama kule chini, kichwa chake kiko mita kumi na mbili. Ni laini, halina pa kushikia, na pembeni hapana nafasi hata ya kidole.

— Chatu! alisema Kinyozi.

— Chatu nini?

— Unamshusha chatu mwenye njaa. Anameza kichwa cha bomba. Akishameza, chatu harudishi. Sisi tunavuta mkia.

— Na akikataa kuvutwa, alisema Bi Birika, tumwite mkewe aje kumbembeleza?

Benchi likacheka mpaka tofali likacheza. Fundi Bomba hakucheka. Bi Birika alimwona, akamwongezea kahawa ya moto kwenye kile kikombe ambacho hakuwa amekigusa, kwa sababu hana maneno mengine ya kumpoza mtu. Kisha akachukua bakuli la maji yaliyochemshwa akaingia ndani.

Mumewe, Mzee Kiraka, alikuwa amelala ameelekea dirishani. Miaka arobaini alikuwa akiziba pancha, na mtaa mzima umepanda baiskeli juu ya viraka vyake. Miezi mitatu sasa hakuonekana nje. Benchi liliambiwa ni mgongo. Haikuwa mgongo. Njia ya mkojo ilikuwa imefunga, wakamtia mpira kule hospitali, na mpira huo ukaishia kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Muuguzi alisema aoshwe kwa maji safi yaliyochemka, asubuhi na jioni, la sivyo pale mpira unapoingia patafanya usaha. Mzee naye alisema: mtu akijua, nakufa kesho.

— Hilo bomba, alisema Mzee Kiraka kabla hata hajafunuliwa shuka, lina uwazi gani ndani?

— Wewe umeugua wapi, huko chini au masikioni?

— Siku mbili nawasikiliza wapumbavu wale. Wote wanalishika kwa nje. Hata chatu wao anameza kwa nje. Uwazi gani?

— Kama mdomo wa kikombe changu.

Mzee akashika mpira wake mahali unapoingilia mwilini, taratibu, kama mtu ashikaye kitu cha kuazima.

— Kitu hiki kiliingia chembamba. Sasa kwa nini hakitoki?

Bi Birika alikuwepo siku ile ya hospitali. Alimwona muuguzi akisukuma maji kwa bomba la sindano, vijiko viwili tu, na kule ndani puto dogo likavimba, na kilichopita kwenye tundu la sindano kikawa hakipiti tena. Alisimama na bakuli mkononi. Mwanamke huyu hakumaliza hata darasa la tatu, wala hashtuki upesi, lakini aliona kisima na tumbo la mumewe vikikaa mahali pamoja, akaweka bakuli chini.

— Nitawaambia mimi, alisema. Nitasema nimeota.

— Tangu nikuoe hujawahi kuota kitu cha maana. Hawatakuamini. Nipe kanzu.

— Wataona mfuko.

— Nipe kanzu, mke wangu.

Alipotokea mlangoni benchi liligeuka lote. Alikuwa amekonda, mkono mmoja una fimbo, mwingine una mfuko wa mkojo, wa manjano, hadharani, kwenye jua la saa nne.

— Shikamoo mzee, alisema Dakika. Mgongo unaendeleaje?

— Marahaba. Mgongo ni mzima. Tazameni hiki mpaka mmalize, halafu tufanye kazi.

Akawaeleza. Mpira umeingizwaje, puto limevimbishwaje.

— Siku ya kwanza niliuvuta, nikitaka kuung'oa.

— Ukatoka? aliuliza Kinyozi, amekunja miguu.

— Niliona nyota, na nyingine ambazo bado hazijazaliwa. Haukusogea. Sasa wewe, Fundi, bomba lako lina mdomo, na mdomo umetazama juu. Kwa nini unalikaba shingo kama mwizi? Ingia ndani, kisha vimba.

Fundi Bomba alisimama. Kikombe kikamwanguka, na hakuna aliyekitazama.

— Mpira wa ndani wa baiskeli, alisema polepole.

— Juu ya kipande cha bomba jembamba. Funga waya juu na chini. Leteni vitu vyangu, viko chini ya kitanda.

Mikono ile ilikuwa haijagusa kiraka kwa miezi mitatu, lakini haikuwa imesahau. Alikata, akakwangua, akapaka gundi, akafunga waya mpaka ukalia. Chini akatia ncha ya mti iliyochongwa kama pia ya watoto, ili kitu kitafute njia chenyewe. Fundi Bomba akaunga mpira mrefu wa hewa kutoka gereji, na mwisho wake pampu ya baiskeli. Wakajaribu kwanza kwenye kipande cha bomba kibovu: kikaingia kikicheza, wakapiga pumzi ishirini, kikanyamaza. Dakika na Kinyozi wakavuta huku, Fundi Bomba kule. Wakavuta mpaka wakaanguka. Hakikutoka.

Mzee akaachia pumzi kikatoka, wakakifunga kamba wakakipeleka kisimani.

Saa tano na nusu mwashi akafika na toroli lake la saruji na mchanga. Akaliweka kando ya kisima, akakaa juu ya mfuko wa saruji.

— Mimi nimetumwa saa sita, alisema. Kabla ya hapo ni mtazamaji.

— Giza, alisema Fundi Bomba, amelala kifudifudi juu ya shimo. Sioni mdomo uko wapi.

Hapo ndipo Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi, akaondoka bila kusema neno. Akarudi anakimbia amekumbatia kioo kikubwa cha dukani kwake. Akakigeuza kwenye jua, jua likaruka, likateremka shimoni lote, na wote wakainamisha vichwa. Kuta za kisima ziling'aa mpaka chini. Kule, juu kidogo ya maji, lilionekana duara jeusi dogo, wazi, kama jicho lililokuwa likiwangoja siku mbili.

— Mungu wangu, alisema Dakika. Tumenyolewa mbele ya kioo hicho miaka yote.

Kitu kikashuka. Kikagusa ukingo, kikayumba, ncha ya pia ikatafuta, ikapata, kikazama.

— Piga, alisema Mzee Kiraka.

Dakika akapiga pampu. Bi Birika akahesabu kwa sauti. Ishirini. Wakavuta kamba, ikateleza kiasi cha kiganja, na Fundi Bomba akafumba macho.

— Ongeza kumi, alisema Mzee. Hata mimi hospitali waliniongezea.

Kumi. Kamba ikakaza, ikawa kama chuma. Kisha mzigo ukaanza kupanda, taratibu, ukikwangua ukuta kwa mlio ambao Bi Birika aliusikia kwenye meno. Kichwa cha bomba kikatokeza juani, kimelowa, kimeng'ata mpira wa baiskeli. Fundi Bomba akarukia kibanio. Akafunga kimoja, cha pili, cha tatu.

— Na kahawa haijaiva! alipiga kelele Bi Birika. Usigeuze shingo!

Hakuigeuza mpaka kiungo cha mwisho kilipokaa, bomba limerudi kisimani na pampu imeunguruma. Yalitoka matope kwanza. Yakatoka mekundu, yakatoka ya kijivu, kisha yakatoka maji. Watu walikuwa wamejaa na madumu, lakini kwa muda hakuna aliyekinga. Yalikuwa yakimwagika tu, nao wanayatazama. Bi Birika ndiye aliyeamka mapema. Akakinga dumu lake akalipeleka moja kwa moja ndani, kwenye sufuria ya kuchemshia. Kahawa ingengoja.

Aliporudi alikuta wamerudi benchini wote, na Mzee Kiraka amekaa katikati yao, mfuko wake umetundikwa kwenye msumari wa mguu wa benchi kama kofia. Mwashi alikuwa amegeuza toroli kuelekea alikotoka. Akasimama.

— Kamati itaniuliza kwa nini sijafunga, alisema. Niambieni tu niende kusema. Hicho mlichotumia kinaitwaje?

Kilikuwa kimelala mwisho wa benchi, upande wa tofali, kikivuja. Dakika akamtazama Fundi Bomba, na Fundi Bomba akamtazama Mzee. Mzee akakitazama chenyewe: nusu ya hospitali, nusu ya baiskeli, na ncha ya kitu cha kuchezea. Bi Birika alimfikiria mtu yule, popote alipokaa, ambaye siku moja alihangaikia mkojo wa mgonjwa wake akabuni puto, wala katika maisha yake hakuwahi kukiona kisima chao.

Jina hakikuwa nalo bado. Mwisho mwashi akavua kofia, akasogea kukaa, akaona nafasi pekee iliyobaki ni ile ya kitu kile. Akakiangalia vizuri, akakiacha hapo hapo, kisha akakaa chini, mchangani.