Bah Shngain na Asali ya Nyumba Sita

Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 16 Januari 2020, Bah (Bwana) Pynshngain Khongsit, kwa kifupi Bah Shngain, hakulala. Kifua kilimbana, lakini kila alipoulizwa anaumwa wapi alijibu kwa swali: "Dukani hawajapiga?" Dada yake mdogo, Kong (Bi) Daplin, alikaa kando yake na simu mapajani, akiogopa kuitazama na akiogopa kutoitazama.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 kijijini Laitsohum, karibu na Pynursla, mtoto wa tatu wa Bibi Thrin Khongsit. Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nne. Baba yao alipofariki aliacha masomo, akaanza kukwea mipopoo.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Kong Sildaris, akahamia kwa mkewe kama ilivyo desturi yetu. Hata hivyo kila alfajiri alirudi kupalilia michenza ya mama yake. Binti zake walimtania kwamba ana mke wa pili, tena mwenye miba.

Kuanzia 1998 alikusanya machenza, tangawizi na asali za nyumba sita, akazipeleka mjini Shillong kwenye duka la vyakula la Kong Ibanri. Novemba iliyopita mteja mmoja aliungua ulimi kwa asali hiyo. Kong Ibanri akakataa kila kitu: "Mpaka nijue nani katia dawa humu, Bah, sipokei hata chenza moja."

Machenza yakaanza kuozea mitini. Majirani wakashukiana, na wengine wakaacha kukaribishana tambuu.

Mapafu yake yalikuwa yameshaanza kuugua, lakini alipita nyumba kwa nyumba akinusa mitungi. Aliupata kwake mwenyewe: mtungi uliowahi kuwekewa chokaa ya tambuu, ukasuuzwa kwa maji tu, ukatiwa asali. Mkewe alimsihi aseme ni bahati mbaya, asitaje nyumba.

"Nikinyamaza watashukiana mpaka wajukuu," alisema. "Mtungi wetu, chokaa yetu."

Hakuweza tena kusafiri. Binti yake mkubwa, Rimeka, aliubeba mtungi hadi Shillong, akakuta mwenye duka hayupo. Akalala kwa ndugu, akingoja.

Bah Shngain alifariki saa kumi na moja alfajiri hiyo ya Alhamisi. Simu ilikuwa haijalia.

Asubuhi Kong Ibanri alifungua mlango wa duka, akamkuta Rimeka kizingitini. Akasikiliza, akakwangua mtungi kwa ukucha, akaonja, akatema.

"Chokaa kweli. Nyumba nzima hamna anayejua kuosha chombo?" Akacheka. "Leteni machenza, ya wote. Na baba yako aje mwenyewe, nimtukane vizuri."

Rimeka alipiga nyumbani kumpa baba habari. Kong Daplin ndiye aliyepokea.

Marehemu ameacha mjane, Kong Sildaris, binti watatu, Rimeka, Ibador na Wanri, wajukuu watano, dada yake, Kong Daplin, na wapwa wanne aliowalea kama mjomba alivyopaswa.

Kama tusemavyo kwetu juu ya aliyefariki, sasa anatafuna tambuu mlangoni kwa Mungu. Apumzike hapo kwa amani.