Mwalimu Kioo na Mwanafunzi Wake wa Mwisho

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1980. Hesabu zilimpiga chenga, lakini injini alizielewa mapema.

Kuanzia mwaka 1986 alifundisha udereva. Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Kioo, maana kila mara alikuwa akiwafokea, "Angalia kioo!" Mwaka 1990 alimwoa wifi yetu, mshona nguo aliyeapa kwamba hatashika usukani kamwe. Kaka alizoea kulalamika kwamba amefundisha mji mzima, kasoro nyumbani kwake.

Februari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Dawa za dripu zilimletea kizunguzungu na ganzi ya vidole, daktari akamkataza kuendesha. Hospitali ilikuwa mbali, nasi ndugu tulibanwa na kazi. Basi akamkabidhi mkewe ufunguo, akaanza kumfundisha huku akitania. Nilikasirika, nikamwambia kaka anajifanya hamnazo wakati hali ni mbaya.

"Kulia nimelia, jana, bafuni," akanijibu. "Leo tuna somo."

Siku moja gari lilizima katikati ya mlima, lori likipiga honi nyuma yetu. Nilikuwa kiti cha nyuma, roho mkononi. Kaka alikuwa akitapika kwenye ndoo aliyoibana kwa magoti. Wifi akaachia usukani ili amshike.

"Usiniangalie mimi, mama. Angalia barabara," alisema, akarudi kwenye ndoo. Kisha akainua kichwa. "Breki ya mkono. Gia namba moja. Haya, taratibu."

Gari likapanda. Wifi alilia njia nzima, lakini alitufikisha.

Mtihani alifeli mara moja, akafaulu mwezi Septemba mwaka huu. Kaka alifurahi kuliko siku ya harusi yake, na wifi mwenyewe ni shahidi.

Tarehe 3 Novemba daktari aliwaambia kwamba dawa hazisaidii tena. Walirudi wawili tu, mvua ikinyesha. Katika miaka yote ya kazi kaka hakuwahi kusinzia kwenye gari linaloendeshwa na mwanafunzi. Siku hiyo alilaza kiti, akalala fofofo. Wifi alipofika nyumbani hakusimama. Aliuzunguka mtaa, akauzunguka tena, asije akamwamsha.

Kaka alifariki nyumbani tarehe 19 Novemba. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi ndugu zake wanne.

Lala kwa amani, kaka. Hatutakuamsha.