Hezekiah Patroba, Aliyewapigia Ndama Isukuti (1921–1969)

Tunamsindikiza leo Hezekiah Patroba, mtu ambaye hakuwahi kuishi kwa kunong'ona.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1921, hapa Shinyalu, katika boma la wapiga isukuti, ngoma zetu za sherehe. Alianza masomo katika shule ya misheni, kisha akaenda Bukura, alikosomea kilimo na ufugaji hadi 1941. Walimu walimsifu kwa bidii na kumlaumu kwa ubishi. Vyote viwili alirudi navyo nyumbani.

Mwaka 1942 aliajiriwa kuwa msaidizi wa mifugo. Alizunguka Isukha na Kabras kwa baiskeli, akichanja ng'ombe na kusimamia majosho. Wafugaji walimwita Daktari, cheo ambacho serikali haikumpa naye hakukikataa. Tarehe 18 Agosti 1945 alimwoa Jescah Ayuma wa Idakho, wakajaliwa watoto wawili.

Siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, ng'ombe wake alizaa ndama dume, naye akamwita Uhuru. Isukuti zililia kutwa wiki zile, na wapigaji walifanyia mazoezi kando ya zizi. Kama wengi wetu, Hezekiah aliamini kwamba ndama anayelelewa na ngoma huwa fahali mkali, kwa hiyo akawaomba waendelee hadi ndama alipoacha kunyonya.

Agosti 1968 Uhuru alipelekwa uwanjani kupigana. Mpinzani alikuwa ameshainamisha pembe. Isukuti zilipoanza, Uhuru aligeuka, akaenda kusimama katikati ya wapigaji, akafumba macho.

"Daktari, hii fahali inapigananga ama inachezanga tu?" mpigaji mmoja alipaza sauti.

"Si ninyi mmemwita?" Hezekiah alijibu. "Anawezaje kuwakataa waliomlea?"

Wazee waliamua fahali mwoga achinjwe. Hezekiah alimfunga kamba, akampitisha katikati ya umati uliokuwa ukicheka, akarudi naye nyumbani.

Alikubali kwamba alikosea kuhusu ukali, lakini sasa alitaka kujua ngoma ilikuwa imefanya nini. Alimleta mdogo wa Uhuru, fahali wa mama mmoja naye aliyekulia kwa shemeji yake Philemon huko Kabras, katika utulivu wa mashamba ya miwa. Huyo alipigiwa isukuti miezi mingi, na kila mara alivunja ua akakimbia. Ndama mwingine, aliyezaliwa Januari 1969 na kupigiwa tangu siku ya kwanza, alikuja mbio kila aliposikia ngoma. Hezekiah alieleza kwamba ubongo wa ndama ni kama ngozi ya kenge juu ya ngoma. Ikiwa mbichi unaivuta utakavyo. Ikishakauka, hubaki vile ulivyoiwamba.

Mwezi Juni mwaka huo Mzee Barasa wa kanisa lake alikuja kumwonya.

"Ndugu Patroba, ngoma za kienyeji si za mtu aliyeokoka. Nyamazisha hizo vitu."

"Ndama hajabatizwa, mzee. Mwache asikilize."

Kwa jibu hilo alinyimwa Meza ya Bwana. Hakuhama kanisa. Kila Jumapili alikaa kiti cha nyuma, akaimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Septemba aliugua ini, akalazwa Kakamega. Alimwambia mkewe, "Mama George, wakinizika kimya kimya, Uhuru atajuaje nimeenda wapi?"

"Nimesikia, Baba George. Sasa nyamaza upumzike."

"Sinyamazi mpaka ukubali."

Mama Jescah alikubali. Hezekiah alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba 1969.

Alhamisi wazee wa kanisa walileta sharti: watamwombea ikiwa isukuti hazitapigwa na fahali atabaki zizini. Mama Jescah aliwapa chai, kisha akawajibu, "Mlimkalisha nyuma, akavumilia. Safari hii maziko ni yake. Mkitaka kuomba, ombeni kwa sauti."

Kwa hiyo jamaa inawatangazia kwamba jeneza litakaposhushwa, isukuti zitapigwa na Uhuru atafunguliwa. Mpisheni njia. Hatapigana na mtu. Wazee wetu wa kanisa tunawakaribisha wabaki, ruhusa hatukuwaomba.

Ameacha mjane, Jescah Ayuma, watoto, George na Risper, shemeji, Philemon, na ng'ombe wanaoijua sauti ya boma lao.

Apumzike kwa amani. Ukimya hakuuomba.