Mwulizeni Ni wa Nani

Sogezeni viti karibu na tanuri, wanangu, wewe Blaž upande huu wa sikio langu zima na wewe Polona pale nikuone, mkae hivyo bega kwa bega hata kama mmenuniana tangu Pasaka, maana pumzi iliyobaki haitoshi kusema jambo mara mbili. Daktari kasema yake, nami nina yangu. Nisikilizeni.

Shamba la plamu ni la Polona, kwa kuwa ndiye aliyelipogoa miaka yote ambayo wewe Blaž ulikuwa mjini Ljubljana ukipogoa makaratasi. Msitu wa juu ni wako Blaž, na usiukate wote kwa mkupuo mmoja, msitu si ndevu. Ngazi yetu iko kwa jirani Štefka. Iacheni huko huko, kwani mkiidai atatangaza kwamba nimekufa na choyo changu. Hayo ndiyo mepesi. Zito ni nyumba hii.

Makaratasini baba yangu alikuwa Potokar, nami nilipoolewa na baba yenu nikawa Zorman, lakini nani humu bondeni aliwahi kutuita hivyo? Sisi ni wa kwa Mfumaji, ingawa tangu babu wa babu yangu hakuna aliyefuma hata soksi humu ndani. Baba yenu alikuja kuoa hapa na jina lake zima, akaamka asubuhi naye ni wa kwa Mfumaji, hakuna aliyemtaka ushauri. Hata juu ya kaburi la baba yangu tuliandika jina la nyumba, na nililiona ni jambo jema.

Kaka yangu Rudi mnamjua kwa kumsikia tu, tena kwa kunong'onezwa. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha alikuwa upande ulioshindwa, akavuka milima, akaishia Argentina, na baba akakataza jina lake lisitajwe mezani, akaitia tanurini picha yake pekee tuliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa mtoto wa mikia miwili ya nywele. Nilinyamaza mdomo, moyo haukunyamaza. Mkate ulipotoka tanurini Rudi ndiye aliyekuwa akinivunjia ganda la pembeni lingali moto, na tangu alipoondoka ganda hilo sijalila, namwachia yeye. Ninyi mlidhani ni meno.

Ndiyo sababu nilipostaafu nikawa naenda maktaba ya mji kila Alhamisi, kwenye ile pembe ya historia ya bonde letu, ambako Metka, mkutubi, hututandazia picha za zamani na sisi wazee tunamwambia huyu ni nani na yule ni wa nyumba gani. Mlinicheka, mkasema mama anakwenda kupiga soga na wafu. Wafu nilikuwa nao wa kutosha nyumbani. Nilikwenda kupekua nakala za vitabu vya ubatizo na magazeti ya watu wetu wa ng'ambo, namtafuta mmoja niliyemtumaini yu hai.

Basi mwaka jana, nilipokuwa nimelazwa kwa ajili ya nyonga, akaja bondeni msichana kutoka Buenos Aires, Luciana, mjukuu wa Rudi. Akamkuta Štefka uani kwake. Štefka, kwa kuona mgeni wa heshima, akamwuliza jina kwa adabu zote, kama karani.

"Potokar," akasema msichana, kwa kukisia tu anachoulizwa.

"Potokar? Hapa hakuna, mwanangu. Jaribu bonde la pili."

Na aliyasema hayo yuko juu ya ngazi yetu, anachuma cheri.

Msichana akapita maktaba, akamwachia Metka nakala ya picha na anwani yake, akaenda zake kupanda ndege. Alhamisi niliyorudi na mkongojo nikaketi kama kawaida, Metka akatandaza picha, na kati yao nilikuwa mimi. Mimi na Rudi mbele ya tanuri hili, mkono wake shingoni mwangu. Nililia mbele za watu, wanangu, wala sikuona haya.

Tukampigia simu ile ya kuonana nyuso, Metka akitafsiri. Nikauliza kwanza kama Rudi yu hai. Hayupo, amezikwa huko. Kisha msichana akasema babu hakuwafundisha lugha yetu, ila mchezo mmoja: kila jioni alimpakata na kumwuliza maneno asiyoyajua maana, naye akajibu kwa maneno mengine asiyoyajua maana. Metka akamwambia, hebu yaseme. Akayasema.

"Wewe wa nani?"

"Wa kwa Mfumaji."

Mmesikia? Jibu alikuwa nalo mdomoni, kavuka nalo bahari. Hapa kwetu mtoto akikutwa njiani haulizwi jina, huulizwa ni wa nani, na kama Štefka angemwuliza hivyo tu, kama anavyowauliza watoto wanaomwibia cheri, jioni ile angelala humu. Alimwona mgeni, akamwuliza kama mgeni. Msimlaumu, tumekwisha kulia naye.

Anarudi Septemba, plamu zikiiva. Mimi Septemba sitaiona. Jinsi nilivyotamani kumshika uso, nitazame kama ana macho ya Rudi, Mungu ndiye anajua.

Blaž, huyo mnunuzi uliyeitafutia nyumba hii atabomoa tanuri na kuibandika jina la kuvutia watalii. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msiiuze kabla Luciana hajaja. Akishakuja, kaeni watatu, muamue. Siwafungi kwa kaburi langu. Picha zangu mpelekeeni Metka, na nyuma ya kila moja mwandike jina la ukoo na jina la nyumba, yote mawili, maana picha isiyo na jina ni yatima. Polona, siku hiyo oka mkate. Ganda la pembeni ni lake.

Nipe maji... basi, yanatosha. Inameni niwawekee msalaba. Mkono hauinuki, Polona, uinue wewe. Hivyo. Mungu awalinde, awapatanishe, mimi nimeshindwa. Mlango wenu usikose wa kuubisha.

Akibisha... msimkimbilie kumkumbatia. Bado. Simameni kizingitini, wote wawili, mwulizeni ni wa nani.

Kisha nyamazeni. Mwacheni ajibu.