Pingamizi Dhidi ya Tarumbeta

Vita vimeingia mwaka wa pili, na benchi letu nje ya kinyozi bado lina miguu mitatu na tofali. Mimi nina digrii ya uhusiano wa kimataifa. Jeshi lilinikataa kwa sababu ya macho, waajiri wakanikataa bila sababu. Leo nimeajiriwa kwa kikombe kimoja cha kahawa: Hamira, muoka mikate, anayefanya kazi usiku na kulala mchana, anataka nimwandikie barua ya kumpinga jirani yake wa ukuta mmoja, mpiga tarumbeta, aliyeachiliwa na jeshi Jumatatu. Tangazo la ofisi ya kata linasema mwenye pingamizi juu ya kuachiliwa kwake alilete leo kabla ya saa kumi.

— Andika, msomi, akasema Hamira. Mimi, raia mwema, napinga.

— Sababu?

— Usingizi.

— Mzee, be serious. Nchi iko vitani.

— Mwaka mzima nimelala na mabomu! Bomu likilia limelia, yamekwisha. Yule namjua tangu kabla ya vita: akianza saa nne asubuhi, ni nota moja mpaka adhuhuri. Tangu Jumatatu sijafumba jicho.

Spana, fundi baiskeli, akafuta grisi kwenye suruali.

— Karatasi yake ya jeshi inasema kaachiliwa kwa sababu ya masikio, hasikii. Uongo! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juzi nimemwona, miguu yote mizima. Maana yake anasikia!

— Niandike hivyo?

— Iweke namba moja.

Mkasi, kinyozi, akachomoza kichwa mlangoni.

— Nyie watoto kweli. Waliomrudisha ni maadui. Walimsikia akipiga, wakasema mwondoeni, la sivyo tunasalimu amri leo leo.

— Si tungeshinda basi?

— Ndiyo njama yenyewe! Majenerali wa pande zote wakakutana katikati, pamba masikioni, wakakubaliana jambo moja tu: arudishwe kwa Hamira.

— Mimi nimewakosea nini?

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Spana.

— Hiyo inahusu nini?

— Mkate.

Nikaandika yote. Miaka minne nimesomea mikataba ya amani, halafu nalipwa kahawa baridi kuandika upuuzi huu. To whom it may concern, my foot!

Tulikuwa tunatafuta bahasha alipotokea mama yake mpiga tarumbeta na kikapu cha mboga. Hamira akaikalia barua.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Nyie ndio rafiki zake. Tangu arudi analifuta vumbi tarumbeta, analirudisha kitandani. Hajalipuliza hata mara moja. Mnajua ni nini kilimkuta huko?

Mkasi, mwenye majenerali wote, akawa hana hata koplo.

— Wewe baba, ukuta wenu mmoja. Umemsikia?

— Hapana, mama, akasema Hamira taratibu. Nakesha mchana kutwa, nangoja aanze.

Mama akaenda zake. Saa kumi kasorobo. Hamira akaichomoa barua, imekunjamana, akanirudishia.

— Geuza upande wa pili. Mwandikie yeye.

— Niseme nini?

— Mwambie kesho niko macho. Apige. Akishindwa, agonge ukuta tu, nami nitalala.