Kisu Alichokichagua Mzee Anania Msongole

Mchungaji, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa kwa Msongole, familia imenituma kusoma maisha ya mzee wetu, na imeniomba nisome taratibu bila kuruka neno, kwa sababu wapo waliokuja kulia na wapo waliokuja kuangalia.

Mzee Anania alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 hapa hapa Nanyala, akaanza darasa la kwanza Januari 1967 na kumaliza la saba mwaka 1973, hakuendelea na masomo, kwa kuwa baba yake alikwisha kumkatia sehemu ya shamba la kahawa, naye, tuseme ukweli, aliipenda kahawa kuliko ubao. Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na mama yetu Ruti, wakajaliwa watoto wawili, Barnaba mwaka 1985 na Tusekile mwaka 1989.

Katika kazi yake ya ukulima hakuonekana bila kisu kiunoni, kisu kifupi, makali yake urefu wa kiganja, chuma kimepita hadi mwisho wa mpini, kimelala ndani ya ala ya ngozi ya ng'ombe aliyoishona mwenyewe, na kwa hicho alikata machipukizi ya kahawa, alifungua mifuko ya mbolea, alikata kamba za mbuzi na kumenya muwa. Wauza visu wa soko la Vwawa wakimwona akija waliguna, maana atashika kimoja baada ya kingine, anyoe vinyweleo vya mkono, atikise mpini, kisha aondoke bila kununua, tena kwa furaha.

Mwaka jana kiuno kilianza kumsumbua, ala ikawa inamchoma akikaa kanisani, akamwagiza Barnaba, anayefanya kazi ya kupakia mahindi Tunduma, amletee kisu cha kuweka mfukoni. Barnaba alileta vitatu. Kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, huwekwa, na anayekitaka hukiokota, maana ukimtia mtu kisu kiganjani umemtakia damu. Barnaba aliviweka vyote juu ya kigoda, mama Ruti akiwa amekaa pale pale anachambua maharage, na mzee akaokota kile cha kukunja. Barnaba alimwambia hicho hakina kizuizi, kitajikunja na kumkata vidole, achukue chenye ala, mzee akacheka na kumuuliza tangu lini mpakia mahindi akamfundisha visu. Hayo ndiyo yaliyotokea, na anayesimulia kwamba kisu kilipita mkono kwa mkono, au kwamba kilipelekwa kwanza kwa mganga, hakuwepo.

Tarehe 11 Julai 2025, akiwa zizini anakata kamba iliyomnasa mbuzi, kisu kilijikunja juu ya kidole chake cha shahada na kukikata hadi mfupa. Mzee alikipaka majivu, akakifunga kitambaa, akamkataza mama asimwambie yeyote, hasa Barnaba, kwa kuwa aliona aibu. Kidonda kilifunga juu, chini kikabaki na yake. Tarehe 21 taya lilianza kukaza, akadhani ni jino, na kesho yake, shingo ikiwa imekauka kama mti, tulimfikisha hospitali, daktari akatuambia ni pepopunda na kwamba tumechelewa. Kabla kinywa hakijafunga kabisa, alimvuta mama Ruti shuka na kusema kupitia meno, "Mwambieni Barnaba nilikichagua mwenyewe." Hakusema neno jingine hadi alipofariki tarehe 26 Julai, mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wanachama wenzake wa ushirika wa kahawa, na majirani walioleta kuni, maji na unga. Tunawashukuru pia wale ambao tangu juzi wamekataa kumpakulia Barnaba chakula katika msiba wa baba yake, tumewaona, na tunaumia. Kuhusu dumu la petroli lililokutwa jana asubuhi nyuma ya nyumba ya Barnaba, sasa lipo kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenye nalo akalifuate huko kwa jina lake.

Udongo wa kwanza kaburini huwekwa na mtoto mkubwa. Tumeshauriwa, na watu wenye nia njema na wengine tusiowaelewa, kwamba leo auweke Tusekile ili mambo yaishe salama. Familia imekataa. Nikishaikunja karatasi hii Barnaba atatoka ndani, mama Ruti amemshika mkono wa kulia na Tusekile wa kushoto, nasi wengine tutakuwa nyuma yao, kwa hiyo tunawaomba vijana mliosimama pale mlangoni mpishe njia.

Baba Anania, lala, pumzika kwa amani, mwanao anakuja kukuzika.